Uchambuzi wa kisa: dola 1.95 za karata ya mwisho

Mwenye kisa

Kisa hiki ni cha mfanyabiashara wa dagaa wa Kirumba, hapa Mwanza, ninayemfundisha poka. Amekubali kiandikwe ilimradi jina lake, tovuti anayochezea na tarehe visitajwe. Tutamwita Mchuuzi. Mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Karata, madau na mfuatano wa raundi nimeviacha vilivyo.

Mchuuzi alifika kwenye poka kwa njia wanayopitia wengi: mikeka. Alibeti mpira miaka kadhaa, mikeka ikachanika kama inavyochanika, mpaka jamaa mmoja akamwonyesha mchezo ambao, kwa maneno yake, "hapa unabishana na mtu, hubishani na kampuni". Ni kweli kwa kiasi. Kwenye poka unamla mchezaji mwenzako, ila mwenye meza naye hukata chake kwenye mizigo mingi (mzigo ni hela iliyokusanyika mezani), mara nyingi karibu asilimia 5. Kwa hiyo wachezaji wawili walio sawa kabisa kwa akili wakicheza mwaka mzima, kwa wastani wote wawili watapungukiwa.

Meza yake ni ndogo: watu sita, madau ya lazima ya kufungulia senti 2 na senti 5 za dola, na anaingia na dola 5. Anacheza kwa simu. Anacheza zaidi mwezi unapokuwa mkubwa, na hili lina maana katika kisa chenyewe. Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, na pale soko la Mwaloni dagaa wapya wanapungua. Mchuuzi anakaa nyumbani bila kazi, akiwa na wasiwasi wa hela, na simu mkononi. Nilimwuliza hela ya kuingilia mezani anaitoa wapi. Akasema, "Kaka, kwenye mfuko uleule wa biashara." Hilo tulilishughulikia kwanza kabla ya karata yoyote: akaunti ya mchezo ikatengwa na mtaji wa dagaa, na ikiisha imeisha. Sitalirudia tena hapa, ila msomaji asidhani ni jambo dogo. Na anayetaka kujaribu ajue kwamba michezo hii nchini iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ni ya waliotimiza miaka 18.

Hakuwa mbumbumbu. Alijua pea gani (karata mbili zinazofanana) inazidi ipi, hakuingia na takataka, na alikuwa na subira kuliko wengi wa meza ile. Hata hivyo alikuwa anapungua polepole, wiki hadi wiki, na hakuona hela inapitia wapi.

Raundi

Mchuuzi yuko kiti cha mgawaji, yaani anacheza wa mwisho katika kila hatua baada ya karata za mezani kuanza kufunuliwa. Kila mchezaji ana karata mbili zake, na tano hufunuliwa mezani kwa wote. Yeye ana esi ya kopa na kingi ya pau. Mbele yake kuna mtu mmoja aliyeingia kwa senti 5 tu, bila kupandisha. Huyu tumwite Mlipaji. Mchuuzi alikuwa amemtazama karibu saa nzima na picha ilikuwa wazi: anaingia raundi nyingi, analipa madau ya wenzake mpaka mwisho, na kupandisha kwake ni nadra kama mvua ya Agosti.

Mchuuzi anapandisha hadi senti 25. Waliobaki wanatupa karata zao na kujitoa, Mlipaji analipa. Mezani kuna senti 57.

Karata tatu za kwanza za mezani: kingi ya kopa, tisa ya shupaza, nne ya shupaza. Mlipaji anapita, yaani haweki dau. Mchuuzi ana pea ya juu na esi pembeni, anaweka 40. Mlipaji analipa. Mzigo sasa ni 137.

Karata ya nne: saba ya uru. Mlipaji anapita, Mchuuzi anaweka 90, Mlipaji analipa. Mzigo ni 317.

Karata ya tano: nane ya shupaza. Sasa shupaza ni tatu mezani, hivyo mwenye mbili mkononi ana tano za aina moja, na saba, nane, tisa zimepangana kwa anayetafuta mfuatano; vyote viwili huizidi pea. Mlipaji anapita tena. Mchuuzi anaweka 150. Mlipaji, ambaye saa nzima hajapandisha kitu, anaweka hela zake zote.

Mchuuzi amebakiwa na senti 195. Akizilipa anagombea mzigo wa 812. Saa ya mezani inahesabu kurudi nyuma. Analipa. Mlipaji anafunua esi na tano, zote shupaza.

Aliamuaje

Siku ya pili nilimwomba aniandikie alichokuwa akiwaza zile sekunde chache, kabla hajakisahau au kukipamba. Jibu lake lilikuja kwa vipande vitatu.

La kwanza: "Nilishaweka hela nyingi, nisingeweza kuziacha." Hela iliyo mezani si yako tena, ni ya atakayeshinda. Kila mchezaji anaijua kanuni hii, na karibu kila mmoja huivunja saa ikiwa imebaki sekunde tano.

La pili: "Nilihisi ananipiga mkwara, ile shupaza imemtokea kama bahati ya kunitisha." Hapa alikuwa anamsoma mtu mwingine kabisa. Mlipaji wa saa nzima iliyopita hakuwa mtu wa mikwara. Alikuwa mtu wa kulipa mikwara ya wengine. Mchuuzi alikuwa na ushahidi mzuri mikononi, akauacha, akaamua kwa hisia za sekunde tano.

La tatu ndilo lililonifundisha mengi zaidi. Wiki chache kabla, katika raundi inayofanana na hii, alilipa na pea moja dhidi ya mtu aliyeweka zote, na mwenzake akafunua pea ndogo zaidi. Alikula mzigo wote. Raundi ile aliisimulia kijiweni. Hii ya pili hakumsimulia mtu. Yaani uamuzi mbaya ulilipwa vizuri mara moja, na malipo yale yakawa ndiyo mwalimu wake. Mtu aliyelelewa na mikeka ana hatari kubwa zaidi hapa, kwa sababu mkeka hupimwa kwa jambo moja tu, umetiki au umechanika. Hakuna anayeuliza kama ulikuwa mkeka mzuri uliochanika.

Bei ya kulipa

Tukaichukua raundi tukaiweka mezani taratibu, bila saa.

Analipa 195. Mzigo ukikamilika ni 1,007. Gawanya: asilimia 19.4. Ukiondoa makato ya mwenye meza inafika kama 20. Maana yake, ili kulipa kusimtie hasara, anatakiwa kushinda walau mara moja katika kila mara tano. Bei hiyo inaonekana rahisi, na ndiyo inayowatega watu: "mara moja kati ya tano tu, siikosi!"

Basi tuhesabu. Ukishaona karata saba, mbili zako na tano za mezani, zinabaki 45, nazo zinaweza kumpa mpinzani michanganyiko 990 ya karata mbili. Mingi inajifuta yenyewe, kwa kuwa haiwezi kuwa imelipa mpaka hapo. Shupaza mbili mkononi zinawezekana kwa michanganyiko 45. Ukitoa takataka ambazo hata Mlipaji angezitupa mwanzo, tukakubaliana tubakize 20. Jeki na kumi, zinazokamilisha mfuatano wa saba hadi jeki, ni 15 nje ya ile ya shupaza; tukaweka 6 tu, maana si kila mtu angelipa mwanzoni akiwa na jeki na kumi mtupu. Pea mbili, au karata tatu zinazofanana, tukaweka 4, kwa kubana sana. Jumla 30 zinazompiga Mchuuzi.

Ili afikie ile asilimia 20, Mlipaji awe na walau michanganyiko 8 ambayo Mchuuzi anaishinda, na awe ameiwekea zote. Nikamwambia, nitajie.

Akaanza: "Kingi na kwini."

Ipo, michanganyiko 7 bila kuhesabu shupaza. Lakini je, huyu mtu, na kingi na kwini, karata ya mwisho imeleta shupaza ya tatu, anaweka zote?

Akanyamaza kidogo. "Hapana, analipa tu."

"Endelea."

"Kwini na jeki, zimekosa." Ndiyo, zimekosa, na mtu wa kulipa akikosa huwa anatupa. Akatafuta nyingine. Hakupata.

Zoezi hilo fupi lilifanya kazi kuliko somo lolote la hesabu nililowahi kumpa. Huyu ni mtu ambaye akinunua gunia la dagaa hawezi kukubali bei kabla hajauliza kama walianikwa mchangani au kwenye chanja, mvua imewapata au la, na nauli hadi anakowapeleka ni kiasi gani. Anajua kwamba gunia la bei ya chini lenye mchanga ni ghali. Mezani alikuwa ameangalia bei ya gunia, akaona 19 kwa mia, akaona rahisi, hakufungua kuangalia kilichomo.

Tumpe hata nafasi ya kushinda mara moja kati ya kumi, ambayo mimi naona ni ukarimu. Wastani wa kulipa kwake ni hasara ya senti 94, karibu dau kubwa la kufungulia mara 19. Mchezaji anayeshinda vizuri kwenye meza ndogo, tuseme anapata madau makubwa ya kufungulia 5 kwa kila raundi 100. Kulipa huku kumoja kunakula faida ya raundi zaidi ya 370. Ndiko hela ilikokuwa inapitia.

Rudi karata moja nyuma

Mchuuzi alikuwa na lalamiko lingine, na alilirudia mara nyingi: Mlipaji kamlipa 90 kwenye karata ya nne akiwa hana kitu, anategea shupaza tu. "Mjinga anabahatika."

Tuliangalia kama ni ujinga. Ukizijua karata za wote wawili, zimebaki 44, na shupaza 9. Anapata mara 9 kati ya 44, kama asilimia 20. Alilipa 90 kugombea 227, yaani alihitaji asilimia 28. Kwa bei hiyo pekee amekosea, na Mchuuzi ana haki ya kumcheka.

Ila karata ya mwisho ina madau yake. Nikapiga hesabu: akipata shupaza, Mlipaji anahitaji kuvuna kiasi gani zaidi ili lile kosa la 90 lijilipe? Jibu ni senti 123. Wastani wa anachoongezewa ukipita hapo, kulipa kwake kwa karata ya nne kunageuka kuwa biashara nzuri.

Mchuuzi alimwongezea 345.

Hapa ndipo kisa kizima kilipo, na naona walimu wengi wa mchezo huu hupita pembeni. Mlipaji hana ujanja wowote. Wanaompa faida ni wale wanaomlipa mwishoni, wakishindwa kuachia pea moja. Kutupa kwako karata ya mwisho kunaokoa senti 195, na pia kunarudisha nyuma na kufanya kulipa kwake kwa karata ya nne kuwe kosa, kama kulivyostahili kuwa. Nilipomwonyesha hivyo Mchuuzi aliacha kumwita mjinga. Alimwita jina lingine ambalo siliandiki.

Tulichobadilisha

Kikubwa kilikuwa namna ya kupitia raundi. Mwanzo alikuwa ananitumia picha ya mwisho wa mchezo, karata zote zimefunuliwa, na ujumbe "ona nilivyopigwa". Mtu akishaona esi na tano za shupaza hawezi tena kufikiri kwa uhuru. Kila anachosema kinaelekea kwenye jibu analolijua. Nikamwambia kuanzia sasa anitumie WhatsApp kwa maandishi, raundi ikatwe palepale alipotakiwa kuamua. Asiniambie alifanya nini wala kilitokea nini. Mimi najibu ningefanya nini na kwa nini. Ndipo aseme.

Matokeo ya ajabu ya mpango huu ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuona makosa wakati anaandika, kabla hajanitumia. Ujumbe mwingine ulikuja nusu, kisha: "acha, nimeshajua."

Pili, meza moja kwa wakati, na si usiku ambao ametoka kugombana na mteja. Tatu, kwenye kipande cha karatasi alichokibandika nyuma ya simu aliandika maswali mawili tu: bei ni ngapi, na nitajie karata zake ninazozipiga. Mwanzo tulijaribu ahesabu michanganyiko akiwa mezani, ikashindikana vibaya. Sekunde kumi na tano, simu yenye bando linaloyoyoma, na mtu anahesabu shupaza kwa vidole. Mara mbili saa ilimwishia na karata zikatupwa zenyewe. Kuhesabu ni kazi ya nyumbani. Mezani anakuja na majibu ya jumla aliyokwisha kuyapika.

Yaliyofuata

Kulipa ovyo karata ya mwisho kulipungua sana, na hilo naweza kulisema kwa uhakika kwa sababu raundi zilizokatwa zipo na nimezisoma. Anapotupa hajui mwenzake alikuwa na nini, na hilo lilimtesa wiki za mwanzo kuliko kupoteza hela. "Bora nijue hata kama nimeliwa." Nadhani sehemu ya malipo yake mengi ya zamani ilikuwa ni hiyo tu, kununua jibu.

Kisha akazidisha. Kijana mmoja mwenye fujo, anayepandisha kila raundi ya pili, na ambaye Mchuuzi mwenyewe alishamwona akifunua mkwara mtupu mara mbili usiku uleule, aliweka 100 kwenye mzigo wa 200. Mchuuzi alikuwa na pea ya kwini, mezani hakuna hata karata moja iliyozidi kumi, hakuna shupaza wala kopa tatu. Alihitaji kushinda asilimia 25 tu. Alitupa. Nilipouliza kwa nini, akajibu, "Wewe si ulisema karata ya mwisho nitupe?" Sikusema hivyo, lakini naelewa alivyosikia. Tulichojifunza kilihusu mtu wa aina ya Mlipaji. Yeye alikibeba kama sheria ya meza nzima. Swali la pili kwenye karatasi lingemwokoa, kwa sababu dhidi ya kijana yule angeweza kutaja nyingi anazozipiga. Hakulisoma. Aliona dau kubwa akakimbia.

Jambo jingine lililokwenda kombo ni furaha ya mapema. Baada ya raundi kama 3,000 alikuwa amepanda dola 15, mtaji wa meza mara tatu, akatangaza kwamba dawa imefanya kazi na anataka kuhamia meza kubwa zaidi. Kwenye meza za watu sita, yumbo la kawaida, yaani kupanda na kushuka kwa bahati, ni kama madau makubwa ya kufungulia 90 kwa kila raundi 100. Kwa raundi 3,000 linafika karibu 490, sawa na dola 24 na ushee juu au chini, kwa bahati peke yake. Dola 15 zinaingia humo zote na nafasi inabaki. Angeweza kuwa amecheza vizuri na kupungua dola 15, nami ningesema vilevile. Alinuna, lakini alibaki meza ileile.

Kinachobaki ni ubishi juu ya lile dau la 150. Wenzetu wawili tunaocheza nao wanasema karata ya mwisho angepita tu, shupaza imeshafika. Mimi sikubaliani. Kingi na kwini, kingi na jeki, kingi na kumi, ukitoa za shupaza, ni michanganyiko 21, na mtu kama Mlipaji anazilipia; kupita ni kuacha hela yake mezani. Ninachokubali ni kwamba 150 imezidi ile 123, hivyo hata Mchuuzi angeweka kisha akatupa, Mlipaji angekuwa ameuza vizuri shupaza zake. Senti 90 zingelipwa na kingi zilezile na kubaki chini ya ile 123. Mchuuzi anasema kwa 90 kijana mwenye fujo angepandisha kwa mkwara. Kwa kijana yule, ndiyo. Kwa Mlipaji bado hajanitajia hata mchanganyiko mmoja.